Saa Nane ya Abdulkadiri

Abdulkadiri alitoka kwenye mtihani akichekelea. Alikuwa mtu wa pampu za serikali mjini Dodoma mpaka walipompunguza kazini, eti uchumi umebadilika. Uchumi ubadilike, yeye ale nini? Sasa kampuni ya Wazungu iliyochukua visima ilitaka mtu mmoja tu wa pampu, na waliobaki walikuwa wawili, yeye na binti mmoja, Yudith. Swali lilikuwa moja, la Kiingereza, na jibu liandikwe ndani ya kisanduku, basi.

Tangi lina lita mia nne saa kumi na mbili asubuhi. Kila saa zinatoka lita hamsini. Litakauka saa ngapi? Abdulkadiri aliyageuza maneno yale kuwa mlinganyo: y ni mia nne kutoa hamsini x. Akachora grafu. Mstari ukaanzia kwenye mia nne ya mhimili wa wima, ukateremka, ukakata mhimili wa chini kwenye nane. Saa nane mchana, kweupe kabisa! Akaandika nane kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa kupendeza.

Nje alimkuta Yudith.

"Shikamoo baba. Umepata ngapi?"

"Marahaba. Nane."

"Mimi mbili."

"Mbili? Loo, pole mwanangu."

Alimhurumia kwa dhati. Hatua chache tu, akasimama ghafla. Saa nane ya kwetu, kwa Mzungu ni saa mbili! Masikini wa Mungu, saa aliigeuza wakati wa kusoma swali, akasahau kuigeuza wakati wa kujibu.

Akarudi mbio getini. Mlinzi, Nikodemo, akamzuia.

"Karatasi zimeshachukuliwa, mzee."

"Nibadilishe neno moja tu, ndugu yangu! Hesabu niliipata!"

"Mimi nimeajiriwa kulinda geti."

Abdulkadiri akashika nondo za geti. Kule nyumbani, mtaa wa Nkuhungu, mkewe, Stara, alikuwa keshawatangazia majirani. Atamwambia nini? Kwamba alijua kila kitu, akakosa kazi? Machozi yakamlenga, mtu mzima, mbele za watu.

"Hebu tazama saa yako," akasema. "Saa ngapi sasa?"

Nikodemo akatazama. Mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili.

"Saa nane."

"Ndivyo nilivyoandika!"

"Basi umepata, mzee," alisema Nikodemo kwa upole. "Nenda nyumbani ukapumzike."