Unywele Juu ya Mstari Mwekundu

Somo la ramani katika darasa la Madame Louise, hapa Kasongo, huishia kwenye beseni la maji. Wanafunzi hupita mmoja mmoja mbele ya ramani kubwa ya karatasi iliyotundikwa ukutani, hufuata kwa kidole barabara ya kutoka Kasongo hadi Kabambare, kisha hunawa. Kiangazi huwa ni vumbi tu, nao hujifuta kwenye sare. Wakati wa mvua kidole huzama topeni hadi kwenye kifundo, na mwenye pete huivua kwanza.

Ramani yenyewe ililetwa na wakubwa wa mradi wa barabara, ambao walipiga picha nayo, wakala kuku, wakaondoka. Pembeni chini kuna ufunguo wa kueleza alama. Mstari mnene mwekundu ni barabara ya lami. Vialama viwili vyeusi vilivyopeana mgongo ni daraja. Vidoto ni njia ya miguu. Kati ya Kasongo na Kabambare walichora mstari mwekundu ulionyooka kama suruali iliyopigwa pasi, na madaraja yote yapo. Kwa kuwa barabara ilikwisha kuchorwa, hakuna aliyerudi kuijenga. Jambo hilo linamkera Louise hadi leo, wala hafichi.

Alhamisi moja ya mvua, katikati ya somo, simu yake ililia. Alikuwa Emile, mume wa mdogo wake Elsa. Elsa alikuwa katika uchungu wa uzazi wake wa kwanza, mtoto amekaa vibaya, na wakunga wa Kabambare walisema lazima akapasuliwe Kasongo. Walimpakia kwenye pikipiki, pikipiki ikashindwa na tope, wakamketisha kwenye tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani. Sasa walikuwa wamekwama ukingoni mwa mto.

"Shemeji, kilalo haiko," Emile alisema, yaani daraja halipo. "Maji iko mingi sana. Elsa anachoka."

"Ku ramani iko," Louise alijibu kwa uchungu. "Mungoje hapo hapo."

Alisogea ukutani, akafuata barabara kwa kidole hadi penye alama ya daraja. Karatasi ilikuwa imelowa chepechepe, na kidole kilikuta maji ya baridi yanayokwenda mbio. Kati ya vile vialama viwili hapakuwa na kitu. Louise hakubabaika. Alifungua kitambaa cha kichwani, akang'oa unywele mmoja, akaulaza juu ya mto kutoka ukingo huu hadi ule, akaugandisha kwa mate.

Kosa alilofanya lilikuwa la aibu kwa mwalimu wa jiografia. Kwa haraka zake alisahau skeli. Kwenye ramani ile, sentimita moja ni kilomita mbili. Kule mtoni likashuka daraja jeusi, upana wake unatosha malori mawili kupishana, ila urefu ulipita kiasi. Lilivuka mto, likaendelea juu ya mashamba ya mihogo hadi kijiji cha pili, na kwa vile nywele za ukoo wao ni za kipilipili, lilijizungusha mara mbili kabla ya kutulia. Wabebaji walilalamikia kona. Wenye mihogo walilalamikia kivuli. Elsa, juu ya tipoyi, alinusa mafuta ya kokwa za mchikichi, yale ambayo dada yake mkubwa hupaka nywele.

"Hii ni kichwa ya yaya," alisema, akafumba macho, na hofu ikamtoka.

Walifika hospitali jua likiwa bado lipo. Mtoto ni msichana, mzima, naye ana nywele za kutosha.

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi. Aliuona ule unywele ramanini, akaupuliza.

"Madame, ramani ya serikali inataka usafi."

"Muheshimiwa, ile ilikuwa kilalo."

"Kilalo iko hapa," mkaguzi alisema, akigonga vile vialama viwili. Kidole chake kilirudi kimelowa. Alikifuta kwa leso, akasifu hali ya barabara, akaomba chai. Kule mtoni daraja lilipeperuka pamoja na mihogo ya watu iliyokuwa imeanikwa juu yake.

Siku hizi mgonjwa akikwama, simu hulia darasani, na Louise hung'oa unywele mwingine. Anaukata kwa skeli sasa. Hana wasiwasi, maana wanawake wa kwao huzikwa na nywele zao zote. Ila juu ya sikio la kushoto ngozi imeanza kuonekana, na kitambaa hukifunga chini kidogo kuliko zamani.

"Mustari mwekundu iko nini?" huuliza, akiwa amelielekezea darasa upande wa kulia.

"Barabara ya lami, Madame!"

"Muzuri. Ku mutihani muandike vile vile. Sasa mwende munawe tope."