Sweta la Amoni

Gogo la mgomba lilikuwa limevalishwa sweta la kijani, na Bibi alikuwa akivifunga vifungo vyake taratibu, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Ukungu ulikuwa umeshuka kijijini Lupepo mpaka kwenye mapaa. Ukoo wote ulisimama kando ya kaburi, hakuna aliyemharakisha.

Amoni, baba yangu mdogo, alivuka Tunduma kwenda Zambia kutafuta kazi kabla sijazaliwa. Habari zake hazikurudi. Mwaka niliomaliza chuo nikarudi nyumbani kusubiri ajira, Bibi alianza kuugua. Baba mkubwa Jairo akashauri tuzike mgomba badala ya mdogo wake, kama wazee walivyokuwa wakimfanyia mtu aliyepotea, ili mama yao apumzike.

Bibi alikataa. "Nimzike nani, Jairo? Aliondoka hana ndevu. Sijui hata alikula nini huko."

Kisha akaniomba mimi nimpe habari za mwanawe. Nilimwambia sizijui. Akasema anajua kuwa sizijui; wanaozijua wangekuwapo, angewauliza wao.

Basi kila alasiri, tukimenya ndizi jikoni, nilimtafutia Amoni maisha. Kwanza nilimpa ghorofa na gari jeupe. Bibi akasema huyo si Amoni, ni mtu wa kwenye televisheni yetu. Nikamfanya muuza ndizi sokoni. Akacheka mpaka akakohoa: Amoni angegawa mkungu wote bure. Nikauliza alipenda nini. Alipenda kupiga mluzi, alisema, hata ng'ombe walimjua kwa mluzi wake.

Nikamweka chini ya turubai, akitengeneza baiskeli polepole, akipiga mluzi, wateja wakinung'unika lakini hawaondoki.

"Mvivu huyo," Bibi alisema, kisu kikiwa kimesimama ndani ya ganda. "Huyo ndiye wangu."

Tulimzeesha pamoja, yeye akimpa ndevu, mimi nikimpa mvi. Ikafika siku akauliza amekufaje. Nilisema ilikuwa homa, msimu wa mvua, na mama jirani alikaa naye hadi mwisho, akamfunika kanga yake.

"Kanga tu?"

Bibi aliinuka akaingia chumbani, akatoka na sweta la kijani.

"Mwambie Jairo aukate mgomba. Sasa tunaye wa kumzika."

Siku hizi nafundisha Tukuyu, na jioni naandika. Watu huniuliza kwa nini nahangaika na watu ambao hawakuwahi kuwapo. Huwa nawasimulia jinsi tulivyorudi kutoka makaburini siku ile, tukakaa jikoni, viatu vikiwa na udongo mwekundu. Bibi alimimina chai.

"Yule mama jirani," akasema, "anaitwa nani?"

Sikuwa nimempa jina. "Veronika," nikasema.

Bibi aligeukia kigoda kilichokuwa kitupu upande wa pili wa moto, akainamisha kichwa.

"Ndaga, Veronika," alimshukuru, akasogeza kikombe huko.