Chupa ya Tatu

"Imeharibika tena?" Bibi Elinipa aliuliza kwenye simu, sufuria ya ndizi ikiungua nyuma yake.

Binti yake Elieshi alitibiwa saratani ya damu India. Walimtoa chembe za kinga, wakazifundisha kuusaka ugonjwa, wakamrudishia mwilini. Sasa yuko nyumbani Meru, na kila baada ya miezi mitatu damu yake hupelekwa maabara Dar es Salaam, wapime kama chembe zile bado zipo. Zikiisha, ugonjwa unaweza kurudi. Lakini sharti zifike zikiwa hai, ndani ya siku moja, bila kupozwa.

Safari hii, chupa ya kwanza ya damu ililala stoo sikukuu nzima. Hii ya pili ilifika imeganda kwa baridi.

Bibi alishuka mjini hadi ofisi ya vifurushi.

"Shikamoo mama," alisema Luqman, mpokea mizigo.

"Marahaba. Nani aliweka barafu kwenye boksi langu?"

Luqman akachangamka. "Mimi, mama! Jua lilikuwa kali, nikaona damu ya dada itachacha kama maziwa. Nikakimbia kwa wauza samaki, nikawaomba barafu, nikalijaza boksi lote!"

Bibi alifungua mdomo amtukane, akaufunga. Utamgombezaje mtu aliyekuharibia huku akikuhurumia?

"Luqman baba, mle ndani mna askari. Wakipigwa baridi wanakufa."

Luqman akashika kichwa. "Kwa hiyo dada achomwe tena?"

"Achomwe tena! Na mishipa yenyewe imeshachoka."

Jumatatu nesi alimchoma Elieshi mara nne ndipo damu ikapatikana.

"Mama, hii ya mwisho," Elieshi alisema, machozi yakimlenga. "Ikiharibika, basi. Sitaki kujua tena."

 Bibi aliizungushia chupa kitenge, akaipeleka mwenyewe. Luqman alikuwa ameshaandika kwenye boksi kwa kalamu nene: ASKARI HAI. MARUFUKU BARAFU.

"Dereva wa basi atakaa nalo karibu yake," alisema. "Dada yangu Swabaha atalipokea Dar, alifikishe maabara kwa mkono wake."

Kesho yake asubuhi, ujumbe: imefika salama. Wiki moja baadaye daktari alipiga. Chembe zimepungua kidogo, lakini zipo, na zinafanya kazi.

Elieshi aliketi kizingitini, akavuta pumzi ndefu.

"Na kipimo kingine lini?"

"Miezi mitatu."

Akasonya. Akautazama mkono wake wenye alama za sindano, kisha akasema, "Mwambie Luqman asiipoteze ile kalamu."