Fraiwili ya Mbeba Pamba

Baba yangu, mzee Ndaki, alitengeneza baiskeli mjini Bariadi kwa miaka thelathini na minne, mpaka kiharusi kilipompata mwaka juzi kikamlegeza mkono wa kulia. Tangu hapo mimi, bintiye Joyceline, nikawa mkono wake. Namfungia vifungo, namshikia kikombe, hata maneno yake namalizia mimi. Mimi ni mtu wa haraka, sikatai. Ile methali ya haraka na baraka nimeimbiwa tangu darasa la kwanza na haijanisaidia kitu.

Baba alitamani jambo moja tu: kuvuta sangara kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyofanya ujanani kwa mjomba wake kule Busega. Mhandisi mmoja wa ofisini kwetu, Wilbroad, alipohamishwa aliniachia fimbo yake ya kuvulia, rili mbili za kukunjia mshipi, na kopo la visamaki vya plastiki. Rili ya kwanza, ukizungusha kishikio mara moja, gurudumu la mshipi huzunguka mara nane. Ya pili, mara tano. Nikachukua ya nane. Niliona kwamba mkono mzito utasaidiwa na rili yenye mbio.

Jumamosi tukaenda ziwani, mbele ya Kiloleli, tukakaa juu ya jabali. Nikafunga kisamaki kikubwa kuliko vyote, chenye ulimi mpana unaokizamisha kila kinapovutwa. Nikarusha mimi, akavuta yeye. Alizungusha mara tatu, mkono ukaanza kutetemeka. Papo hapo sangara akabamiza. Sikusubiri. Nikamnyang'anya baba fimbo, nikavuta kwa pupa, mshipi ukakatika.

Kesho yake, baada ya misa, nilimkuta barazani amezifungua rili zote mbili juu ya gunia, anahesabu meno ya ndani kwa kidole gumba cha kushoto. Nilitaka kumwambia atapoteza skrubu. Nikajizuia, kwa shida.

"Mayu," akaniita kwa Kisukuma, yaani mama, "wabeba pamba walipoleta baiskeli kwangu, niliwafungia fraiwili gani?"

"Kubwa. Ile gia ya nyuma ya meno ishirini na mbili."

"Kwa nini?"

"Baiskeli inaenda polepole, lakini pedeli inakuwa nyepesi."

"Sasa wewe umenipakia gunia la pamba, halafu umenifungia fraiwili ndogo." Akanionyesha kisamaki kingine chenye ulimi, kama kile kilichokwenda na sangara. "Huyu anashindana na maji. Huyu ndiye gunia, anataka rili ya tano. Ile ya nane mfungie huyu mdogo wa juu ya maji. Hana uzito, kazi ni kuukusanya mshipi ukilegea."

"Baba, mimi nilidhani ya polepole ni ya wagonjwa."

"Wabeba pamba hawakuwa wagonjwa. Walikuwa na mzigo."

Nilitahayari. Miaka miwili mizima nilikuwa nikimwona mgonjwa tu, na mzigo wake sikuwahi kuupima.

Jumamosi iliyofuata nilifunga rili ya tano. Kishikio kikazunguka taratibu mkononi mwake, na mkono haukutetemeka. Tulikaa karibu saa nzima kabla fimbo haijapinda. Mikono yangu ikanyanyuka yenyewe.

"Ikalie hiyo mikono," baba akasema bila kugeuka.

Nikaikalia kweli, viganja chini ya mapaja, jabali likiniunguza. Alivuta, akapumzika, akavuta. Niliuona ubavu wa sangara unang'aa chini ya maji, mkubwa, umebaki urefu wa mkono kutufikia. Kisha sangara akatikisa kichwa mara moja, ndoano ikachomoka, akazama.

Moyo uliniuma. Nilikuwa natafuta neno la kumpa pole baba, ndipo akanigeukia. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu augue.

"Yule wa wiki iliyopita ulimpoteza wewe," akasema, akininyooshea fimbo. "Huyu nimempoteza mwenyewe. Rusha tena."