Ndege wa Mwavuli na Paja la Kuku

Mzee Gelasius Lyamba alibakiwa na siku moja ya kuona ndege mmoja. Asipomwona, kiti chake kwenye Land Rover ya Severini kingekwenda kwa Melkiadi, fundi cherehani, ambaye alishaanza kumsalimia kwa upole wa mtu anayesubiri mirathi.

Ndivyo walivyopatana wenyewe, wastaafu wanne wa Nsemulwa, mjini Mpanda. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walikutana asubuhi pale Kashaulili, wakajipakia garini na kwenda kwenye maji: mwezi huu mbuga za mto Katuma, mwezi ujao mabwawa ya upande wa Litapunga, na jioni wamesharudi. Darubini waliachiwa na padri mmoja mgeni alipohamishwa. Kaunta buku ya kuandikia ndege ilikuwa ya Mwalimu Respicius. Ndege mpya akionekana, huandikwa jina lake, tarehe, na jina la aliyemwona kwanza. Sasa gari lenyewe lilichukua watu wanne tu, maana nyuma palijaa springi na madumu ya Severini, na waliotaka kwenda walikuwa wengi. Ikawekwa kanuni: atakayemaliza mwaka bila ndege daftarini anampisha mwingine.

Kanuni ya pili iliwekwa kwa ajili ya Gelasius peke yake, ingawa haikuandikwa hivyo. Ilisema kwamba ndege haandikwi mpaka apate shahidi wa pili.

Walikuwa na sababu. Gelasius alifanya kazi stesheni ya Mpanda miaka thelathini na mmoja, akibadili reli treni zinapoingia, na treni ilikuja mara chache kwa wiki. Siku nyingine zote alikuwa akitunga. Ndiye aliyewaambia watu, tena msibani, kwamba mwaka sabini na moja ndege kongoti mmoja alipanda daraja la tatu pale Mpanda akateremka Kaliua bila kuulizwa tiketi.

"Nani angemuuliza?" alisema. "Upara, koti jeusi, mikono nyuma. Wahudumu wa behewa walidhani ni mkaguzi kutoka Tabora. Wawili walisimama wakamwamkia."

Kwa hiyo mwaka ule wa tisini na sita ulipoanza, kila Gelasius aliponyoosha kidole juu, wenzake walitazama chini. Shingo zao zilishachoka tangu Machi.

"Leo ndiyo Desemba, Mzee Gelasius," alisema Mwalimu Respicius garini. Yeye hukaa mbele, daftari magotini, na huwa hageuki anapoongea na walioko nyuma.

"Kalenda ninayo, Mwalimu."

"Nakukumbusha tu."

"Ulinikumbusha Oktoba, ukanikumbusha Novemba. Ukinikumbusha tena nitasahau."

Mama Eufrazia alicheka huku amekumbatia kikapu chake. Alikuwa mkunga tangu enzi za ujana wake, na nusu ya watu wa Nsemulwa waliingia duniani kupitia mikononi mwake, kwa hiyo alizoea kuongea na kila mtu kama aliyemwona uchi.

"Na leo paja langu liachwe," alisema. "Kuku nimemkata vipande kumi na viwili. Wali ni wa Mpimbwe, mnaujua. Safari nne mfululizo nafungua kikapu, paja hakuna."

"Mama Eufrazia, mimi sijawahi kulila hilo paja."

"Na kongoti hakupanda treni," alijibu Severini kutoka kwenye usukani.

Hilo ndilo lililomuuma Gelasius. Mara nne alikuwa amesema kweli, kweli tupu isiyo na hata chumvi, na mara nne kweli yake ilitupwa jalala moja na kongoti.

Walifika Katuma saa tatu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, maji yametandaa juu ya majani kana kwamba mtu amemwaga ndoo na kuondoka. Viboko walikoroma upande wa mto. Ng'ombe wa Wasukuma walikuwa ng'ambo, na nyuma ya kila mkia kulikuwa na yangeyange wawili watatu wakingoja panzi. Yangeyange waliandikwa tangu Januari. Mwari, kwarara, bata maji, wote walishaandikwa, na wote kwa majina ya watu wengine.

Wakatawanyika. Severini alijiingiza chini ya gari akalala. Mama Eufrazia akachukua darubini akaenda kwenye mti mkavu uliokuwa umejaa mwari. Mwalimu alisema anakwenda kaskazini kwenye mafunjo, huenda kuna mdiria wa aina mpya. Kikapu kikabaki kiti cha nyuma, kimefungwa kanga.

Gelasius alifuata ukingo wa maji peke yake. Alitembea mpaka viatu vikajaa matope. Aliona kila kilichokwisha kuonwa. Ilipokaribia saa sita alikuwa ameshaanza kumtengeneza ndege kichwani, mwenye kilemba na sauti ya mzee anayekohoa, ndipo alipomwona yule wa kweli.

Alikuwa mweusi kama ubao wa shule, umbo la kuku mwembamba aliyepewa miguu mirefu. Alipiga hatua tatu kwenye maji ya kina kifupi, akasimama. Kisha akazitupa mbawa zake mbele, zote mbili kwa mpigo, mpaka zikakutana mbele ya kichwa na kugusa maji pande zote. Akawa mwavuli. Mwavuli mzima, mweusi, umekaa juu ya maji, na kichwa chake kimo ndani. Ukapita muda wa kuhesabu tatu. Mwavuli ukafungwa, ndege akatoka na kisamaki mdomoni, akameza, akasogea mbele kidogo, akaufungua tena. Alipoinua mguu, Gelasius aliona vidole vya njano, kana kwamba amekanyaga kiini cha yai.

Gelasius, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuona kitu bila kukiongezea chumvi, safari hii hakuona pa kuitia. Halafu hasira zikampanda. Kwa ndege wote walioumbwa, leo hii, siku ya mwisho, analetewa huyu ambaye hata yeye angeona haya kumtunga.

Alikwenda mbio mpaka garini, kadiri magoti yalivyomruhusu.

"Severini, amka. Kuna ndege ana mwavuli."

Severini alifungua jicho moja. "Na mkoba je?"

Akalifunga.

Gelasius akakimbilia kwenye mti wa mwari. Mama Eufrazia aliteremsha darubini, akamtazama kwa huruma kama anavyomtazama mama anayesukuma kabla ya wakati.

"Gelasius, kwa umri wetu huu. Si useme hata bata."

"Mama, naapa."

"Usiape. Utaleta radi, na tumekaa majini."

Lakini alikuja. Walipofika, maji yalikuwa yametulia, hakuna ndege, hakuna mwavuli. Mama Eufrazia akampiga piga begani, akasema twende tukale.

Gelasius alimwacha atangulie. Alizunguka nyuma ya kichuguu kilichokuwa jirani na ukingo, ili akae kidogo ameze uchungu wake bila kutazamwa, na hapo akakuta mtu ameshakaa kabla yake. Majani yalikuwa yamelazwa. Kwenye matope kulikuwa na alama za raba, zile za mistari kama miba ya samaki ambazo Mwalimu alinunua mnadani. Na chini, mfupa wa paja la kuku, umeguguniwa vizuri sana, siafu ndio kwanza wanaanza kufika.

Akakaa palepale pa Mwalimu. Akatazama mbele. Palikuwa pale pale, maji yale yale, karibu kuliko alipokuwa yeye. Mtu aliyekula paja lote hapa alikula huku anatazama mwavuli ukifunguliwa na kufungwa.

Alimwelewa basi Mwalimu, na akauelewa na mfupa. Akiuchukua mfupa kuwaonyesha wenzake, utakuwa mfupa mkononi mwa Gelasius, na nani asiyejua mwenye mfupa ndiye mlaji? Hapana. Neno hili lilitakiwa litoke kinywani mwa Mwalimu mwenyewe. Na Gelasius alimfahamu Mwalimu Respicius tangu walipokuwa vijana; alijua mlango wake ulipo.

Akaufukia mfupa kwa kisigino, akaenda kula.

"Paja moja," alisema Mama Eufrazia, mkono kikapuni. "Vimebaki kumi na kimoja."

Severini alimtazama Gelasius. Mama Eufrazia alimtazama Gelasius. Mwalimu alitazama mawingu.

"Tulimalize la daftari kwanza," alisema Mwalimu, akaifungua kaunta buku bila kugusa sahani yake, wenzake wameshaanza kula. "Mwaka huu tumeandika ndege wapya hamsini na nane. Mama Eufrazia ishirini na sita. Mimi ishirini na tisa. Severini watatu."

"Mmoja nilimgonga," alisema Severini kwa unyenyekevu.

"Mzee Gelasius, hakuna."

"Ninaye wa leo," alisema Gelasius.

"Ana shahidi?"

"Niandikie maelezo yake tu. Shahidi atakuja."

Mwalimu alishusha pumzi ya mtu mwema. "Sema."

Gelasius akaweka sahani chini, akajifuta mikono taratibu. "Ni ndege mweusi. Mkubwa, kama mbuzi hivi."

Mwalimu aliandika, akalipigia mstari neno mbuzi.

"Anasimama majini, anatandaza bawa la kushoto. Anangoja. Halafu la kulia."

Mwalimu alikohoa.

"Yakikutana anakuwa mwavuli, kichwa kimo ndani. Anakaa humo muda mrefu, ukisali rozari unaimaliza. Anatoka na kambare."

"Kambare," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. Kope zilikuwa zikimcheza. Miaka thelathini na miwili alikuwa akisimama mbele ya ubao na chaki nyekundu, na hapakuwahi kupita kosa mbele yake likafika nyumbani salama.

"Kambare mkubwa. Na miguu, Mwalimu, andika miguu vizuri, maana ndiyo alama yake. Vidole vyekundu. Vyekundu kabisa, kama pilipili."

"Vya njano," alisema Mwalimu.

Severini aliacha kutafuna.

"Miguu myeusi, vidole vya njano," aliendelea Mwalimu, maana alikwishaanza na hakuweza kujizuia, "na mbawa anazitupa zote pamoja, si moja moja, na alichotoa ni kidagaa, sijui kambare umemtoa wapi. Mtu ukisema jambo, lisemwe..."

Akaifunga kaunta buku. Ng'ombe mmoja ng'ambo alilia, akajibiwa.

"Vya njano," alisema Gelasius polepole. "Asante, Mwalimu. Macho yangu siku hizi. Basi shahidi ndiye huyo, kaja."

"Subiri," alisema Mama Eufrazia. Alikuwa amekunja kanga yake mapajani na hakuwa akicheka. "Mwalimu, ulituaga unakwenda kaskazini kwenye mafunjo. Gelasius kanipeleka mashariki. Wewe huyo ndege umemwonea wapi?"

"Karibu na kichuguu," alisema Mwalimu.

"Ukifanya nini kwenye kichuguu?"

Mwalimu Respicius alifungua mdomo. Gelasius alimtazama, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi ilivyo vigumu kwa mtu asiye na mazoezi ya kutunga. Safari nne alikuwa akiingojea saa hii. Neno moja tu, na jina lake lingeondolewa tuhuma ya paja, mbele ya watu. Lakini pia alimwona Mwalimu ameshika ile kaunta buku kwa mikono miwili kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, na nani angeendelea kuliamini daftari la mtu huyo, na ndege aliye ndani yake?

"Alikuwa ananisaidia kumfukuza nyani," alisema Gelasius.

"Nyani gani?"

"Dume. Katoka garini na paja mkononi, Severini yuko chini hapo anakoroma. Nikamfuata, Mwalimu akamkinga kwa kule. Kakimbilia kichuguuni. Ndiyo maana tukamwona ndege, kila mtu kwa upande wake. Na zile safari nne ni nyani huyo huyo, namjua sura."

Mama Eufrazia alinyoosha kiganja, kama anadai kitu. "Shahidi?"

Mwalimu alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati, upande mmoja, upande wa pili. Kidevuni kwake mafuta ya kuku yalikuwa bado yanang'aa.

"Nimemwona," alisema.

"Dume," alimkumbusha Gelasius.

"Dume. Mkubwa."

Mama Eufrazia aliwatazama wote wawili, kwanza mmoja, halafu mwingine, kwa muda ambao hata mtoto mbishi angetoka tumboni. Kisha akachukua firigisi, akamwekea Gelasius kwenye sahani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwezi ujao nitamfungia nyani wenu paja lake kabisa, kwenye karatasi," alisema. "Asije akatuchafulia daftari."

Mwalimu akaandika. Ndege mwavuli, mweusi, vidole njano. Aliyemwona kwanza: Gelasius Lyamba. Shahidi: R. Na pembeni mwa jina la Gelasius ikabaki alama ya mafuta ya kidole gumba, ambayo haikufutika hata walipoipangusa kwa unga wa ugali nyumbani.

Jioni walipofika Kashaulili, Melkiadi alikuwa nje, mguu kwenye pedali ya cherehani, kofia mpya ya safari kichwani.

"Habari za majini, wazee. Mzee Gelasius, kuna lolote?"

"Ndege mwavuli," alisema Gelasius akiteremka.

Melkiadi alicheka, akaivuta kofia ikae vizuri. "Hapo sasa. Kiti changu hicho."

"Ameandikwa," alisema Mwalimu Respicius kutoka mbele, na safari hii aligeuka, akatoa kichwa chote dirishani. "Mimi ndiye shahidi. Kwa macho yangu haya."

Melkiadi akaiacha cherehani isimame. "Kumbe yupo kweli. Yukoje huyo ndege, Mwalimu?"

"Mkubwa," alisema Mwalimu. Akafikiri kidogo, na jambo fulani jipya likampita usoni. "Mkubwa sana. Kama mbuzi hivi."

Gelasius alimshika bega kupitia dirishani.

"Kama kuku, Mwalimu," alisema. "Tuseme ukweli."