Tarehe Kwenye Bahasha ya Uyoga

Vumbi lilielea ndani ya mwanga wa dirisha, likapanda, likashuka, likapanda tena. Chini yake mtunza vielelezo wa makumbusho aliinamia bahasha ya karatasi, na ndani ya bahasha vichwa vitatu vya uyoga wa porini, vidogo kama vifungo vya shati la mtoto, vikavu, vyepesi, rangi ya chai iliyopoa.

Miaka thelathini amelinda makabati haya. Miaka thelathini hakuchelewa, hakuacha droo wazi, hakumsamehe aliyeiacha wazi. Leo binti anayeingiza kumbukumbu kwenye kompyuta alisoma jina la mchumaji, akasoma tarehe, akacheka kidogo.

"Mzee, huyu marehemu alichuma uyoga miaka tisa baada ya kuzikwa?"

Naye alitaka kucheka. Kisha akautazama mwandiko. Ulikuwa wake mwenyewe, wa ujanani, umenyooka, umejiamini. Bahasha za kale zililiwa na mende, akapewa mpya ahamishie vielelezo. Na palipotakiwa siku ya kuchuma, yeye akaandika siku ya kuhamisha.

Ewe mstari mmoja, ulibebaje mlima mzima! Maana kumbukumbu nyingine zote za uyoga ule zilikoma zamani. Hii peke yake ilisema: bado upo, kule juu, kwenye magogo yaliyooza. Kwa neno hilo msitu ulizungushiwa seng'enge, misumeno ikarudishwa ilikotoka, chemchemi ikaendelea kuwanywesha walio bondeni. Neno likiondoka, seng'enge itaondoka. Na bondeni anakaa mdogo wake, na wanawe, na kaburi la mama yao.

Alimpigia simu, akamweleza yote, bila kujitetea.

Mdogo mtu alimsikiliza hadi mwisho. "Kaka, kwani uyoga umekulalamikia? Usituue kwa kalamu."

"Ndiyo kalamu iliyodanganya."

"Basi huo uongo ndio tunaokunywa, kaka."

Simu ikakatika. Binti alikuwa amesikia. Akasema tarakimu hukosewa kila siku. Akasema angeweza kuiruka bahasha ile, na jua lingezama salama. Alimwonea huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko lawama.

Je, ukweli una watoto? Je, ukweli hushika ndoo ukaenda kuchota maji? Maswali ya watu dhaifu, ndivyo alivyoyaita siku zote. Leo yalikaa kifuani mwake, hayakutaka kutoka.

Akashika kalamu. Hakufuta, kwani kazi ile haina kufuta. Alipiga mstari mwembamba juu ya tarehe, akaandika kando yake ya kweli, ile iliyomo kwenye daftari la mchumaji, kisha jina lake, kamili, lisomeke.

"Ingiza."

"Na jina, mzee?"

"Jina kwanza."

Binti akaanza kubonyeza vitufe, polepole, kama anayetembea chumbani mwa mgonjwa. Mkono wa mtunza vielelezo ulibaki juu ya meza. Vumbi likatua kwenye wino mbichi. Alilipuliza, halikuondoka. Lilikuwa limekwisha kuwa sehemu ya maandishi.