Shule ya Vidudu ya Mwalimu Anyesi

Damyanti alitimiza miaka minne bila kusema neno hata moja, katika lugha yoyote kati ya zile zilizosemwa nyumbani kwao. Hakuwa kiziwi. Alisikia gari moshi likija kutoka Morogoro kabla ya mtu mwingine yeyote mtaani, na kopo la biskuti likifunguliwa dukani, kufumba na kufumbua alikuwa ameshafika. Alikuwa hasemi tu.

Mama yake, Kanchan, alimpeleka kwa daktari. Daktari alimwangalia masikio, akamwangalia ulimi, akasema vyote vipo. Mama mkwe alisema mtoto amerithi ububu wa upande wa mama. Mumewe, Vinod, aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko la Dodoma, alisema hata yeye alichelewa kusema, na mwishowe akawa sawa. Kanchan alimtazama, asipate faraja aliyoitarajia.

"Nataka shule ya vidudu," akasema. "Shule ambayo watamfundisha kusema."

"Shule hufundisha kusoma," Vinod akamjibu. "Kusema watoto huja nako kutoka nyumbani."

"Huyu wa kwetu hana."

Mwaka ule wa 1953 kila rangi ilikuwa na shule yake. Ile ya Wazungu haikuhitaji kuulizwa, ingawa Kanchan aliiuliza kwa barua, akajibiwa kwa barua fupi yenye adabu nyingi. Katika ile ya Wahindi, mwalimu mkuu alimwinamia Damyanti akamuuliza jina lake. Damyanti akayatazama masharubu yake.

"Mlete akishaanza kusema," mwalimu mkuu akasema.

"Akishaanza kusema, mwalimu, nitakuwa sina tena shida iliyonileta."

Mwalimu mkuu alifikiri, akakiri kwamba hilo ni kweli, akawasindikiza mpaka mlangoni.

Masista wa misheni moja nje ya mji walimpokea. Walikuwa na watoto hamsini walioimba asubuhi mpaka adhuhuri, na Damyanti akakalishwa nyuma kabisa. Baada ya majuma matatu, sista alimwambia Kanchan kwa furaha kwamba hajapata kuona mtoto mtulivu kama huyu, na kwamba wenzake wanaambiwa waige mfano wake. Kanchan alishukuru, akamchukua mtoto wake siku hiyohiyo.

Aliyemfungua macho alikuwa mteja. Loisi, mama mmoja wa mtaa wa Makole, alikuwa na desturi ya kufunua kanga zote za dukani kabla ya kuchagua ile ya kwanza. Siku hiyo, akiwa katikati ya kazi hiyo, alimtazama Damyanti.

"Mama Damyanti, dada yangu wa Mpwapwa alikuwa na mtoto hivihivi. Sasa hanyamazi. Wazazi wake wanajuta kidogo."

"Nani alimfundisha?"

"Mwalimu Anyesi, Msandawe wa kule Chemba. Alifanya kazi miaka mingi na nesi mmoja Mzungu aliyekuwa akiwazoeza watoto kutoa sauti. Nesi akarudi kwao Ulaya, Anyesi akabaki na vidudu kumi na wawili barazani pake, hukohuko Mpwapwa."

Jioni Kanchan alimweleza mumewe. Vinod aliweka kikombe chake chini.

"Darasa la Waafrika? Watu watasema."

"Watasema," Kanchan akakubali. "Angalau wao wanaweza."

Kanchan na Damyanti walipanda gari moshi mpaka Gulwe, wakapanda lori mpaka Mpwapwa, mtoto akiwa mapajani na vumbi likiwa kila mahali kwingine. Shirin, mke wa mfanyabiashara aliyeitwa Hasanali, aliwapa chumba cha uani. Kesho yake wakaenda kwa mwalimu.

Anyesi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye kanga mbili na saa ya mkononi iliyosimama. Kanchan hakuwa amewahi kumwamkia Mwafrika kwa neno lile, lakini alijikuta ameshasema, "Shikamoo."

"Marahaba," Anyesi akaitikia, kama mtu aliyekuwa akilingojea.

Hakumuuliza Damyanti jina. Alimpa unyoya wa kuku, akamkalisha mbele ya kioo kidogo, akaupuliza wake. Damyanti akaupuliza wake. Ndilo lililokuwa somo lote la siku hiyo, na Kanchan, aliyesafiri siku nzima kulifuata, alirudi chumbani akalia kidogo, kisha akachambua mchele.

Katika juma la tatu alifika mkaguzi wa shule. Alihesabu watoto, akahesabu tena.

"Huyu Mhindi hawezi kuandikishwa hapa," akasema.

"Sijamwandikisha," Anyesi akajibu. "Amekaa tu."

Mkaguzi alitafuta katika karatasi zake kanuni inayokataza kukaa. Hakuipata, akaondoka.

Baada ya unyoya vikaja vidoko, zile sauti za ulimi unaobanduka kinywani. Kisandawe kimejaa vidoko, na Anyesi aliwafundisha watoto wote kuvipiga: cha mbele, karibu na meno, na cha pembeni, kama cha mtu anayehimiza punda.

"Lakini sisi hatusemi Kisandawe," Kanchan akasema kwa uangalifu.

"Najua, mama. Sauti nyingine zinataka pumzi, koo na midomo vikubaliane. Hizi ulimi unazianza peke yake. Akishaona mdomo wake unamtii, nyingine atazitafuta mwenyewe."

Damyanti alipiga vidoko akila, akioga, akilala. Nyumba ya Hasanali ikawa inasikika kama inavuja. Shirin hakulalamika, ila mara mbili alimwona fundi akipita, akamwita aangalie paa.

Katika mwezi wao wa tatu Vinod alikuja kuwatembelea pamoja na mama yake, ambaye alikuwa amekuja kujionea aibu kwa macho yake. Walisimama uani, mbali kidogo na baraza, viatu vyao vikiwa na vumbi la lori. Damyanti aliacha kioo, akasimama ukingoni mwa baraza, akawatazama. Kisha akanyoosha mkono, akasema neno moja fupi lililoanza na kidoko.

Hakuna aliyejongea.

"Amesema nini?" bibi akauliza.

"Amesema njoo," Anyesi akajibu. "Ndivyo ninavyowaita watoto."

"Kwa lugha gani?"

"Kisandawe."

Bibi alilipima jambo hilo. Mjukuu wake alikuwa amesema neno la kwanza maishani, na katika ukoo mzima hakuna aliyelijua. Akavua viatu, akapanda barazani, akaketi juu ya mkeka. Vinod akamfuata. Damyanti akasema tena, njoo. Kwa kuwa walikuwa wameshafika, walinyanyuka, wakarudi nyuma hatua chache ili waweze kuja. Wakafanya hivyo mpaka wakati wa chakula. Vinod alikuja mara kumi na tisa, na kila mara alikuja kwa uso uleule wa mtu anayepokea wateja, isipokuwa macho yake yalikuwa mekundu.

Kanchan na mtoto walikaa Mpwapwa miezi minane zaidi. Kiswahili kilitangulia, kisha Kigujarati, kikiwa na vidoko vichache ambavyo havikuwa vyake. Mama mtu naye alijifunza kushika kioo, na kusubiri bila kuonyesha kwamba anasubiri, ambayo Anyesi alimwambia ndiyo kazi yenyewe. Waliporudi Dodoma alitandika mkeka nyuma ya duka. Mtoto wa kwanza kuletwa alikuwa mjukuu wa jirani mmoja wa Loisi, aitwaye Yoramu, mwenye miaka mitano, ambaye aliingia, akaupokea unyoya, na moja kwa moja akautia mdomoni. Kanchan akampa mwingine.